Sanamu ya Unga Kwenye Robot

Kumbukumbu za kazini kwa kawaida huandikwa na watu wenye mvi, waliozawadiwa saa ya ukutani siku ya kuagwa. Mimi nina miaka ishirini na tisa na nilizawadiwa sweta. Hata hivyo nimestaafu, na sababu nitaieleza zamu yake ikifika. Grâce, anayechukua kiti changu katika karakana ya Amala, aliniomba nimwandikie kazi yenyewe ilivyo. Alitaka ukurasa mmoja. Pole yake.

Nilianza mwaka 2015, baridi ikiwa imekaza, nikiwa na shahada ya sosholojia ambayo hakuna mtu Johannesburg aliyekuwa ameiulizia. Wazazi wangu walitoka Uvira, mashariki mwa Kongo, nikiwa mdogo. Nimekulia hapa, na ubishi wangu ni wa hapahapa. Maman Odette, aliyekuwa akiimba kwaya moja na mama yangu, ndiye aliyenitafutia nafasi. Alisema bosi wake anataka mtu wa kuzungumza na wateja na kuandika Kiingereza kilichonyooka.

“Bosi wako ni nani?” nikamuuliza.

“Ni Mtibeti.”

“Mtibeti ni mtu wa namna gani?”

“Ni mkimbizi sawa na sisi. Ila yeye njo wa zamani,” akasema, kwa ile “njo” ya Kikongo ambayo wengine husema “ndiye”.

Jengo letu liko katikati ya mji, kwenye kona ambapo teksi, yaani daladala za hapa, hupakia abiria. Lifti ilikwisha kufa na kuombolezwa, hivyo siku ya kwanza nilipanda ngazi. Orofa ya kwanza ni kanisa la Wakongo. Ya pili ni mablanketi ya jumla. Ya tatu sijawahi kuelewa wanafanya nini. Ya nne nilisikia mlio wa mashine za kufuma, kama watu wengi wanaofunga na kufungua zipu kwa hasira, na mlangoni akasimama mwanamke mfupi mwenye aproni ya mistari, mashavu mekundu kama ametoka kwenye upepo.

“Karibu, mtoto. Umekula?” akasema. “Ingia, kule nje baridi iko mingi.”

Nilitazama nyuma yake kumtafuta Mkongo aliyesema. Hakuwapo. Huyo ndiye Amala, neno ambalo kwao ni “mama”, na Kiswahili alikuwa amekipata kwa mafundi wake. Kiingereza kila mmoja wao alikuwa amekivunja kivyake, vipande havikulingana, basi wakakubaliana kwenye lugha moja. Ndiyo maana mpaka leo Mtibeti wetu huongea kama mtu wa Lubumbashi.

Akanipa chai. Grâce, hapa soma kwa makini. Chai yao ina siagi na chumvi. Mimi nilifundishwa nyumbani kwamba kinywaji cha mwenyeji hakibakizwi, kwa hiyo nilifumba macho nikamaliza. Amala akajaza. Nikamaliza tena, kwa heshima. Akajaza tena, uso ukimng’aa. Nilikuwa nimeanza kutokwa na jasho la siagi wakati mzee mmoja aliyekuwa akipaka mashine mafuta aliponihurumia.

“Acha kikombe kibakie kimejaa, mtoto,” akanong’ona. “Ukimaliza, yeye anafikiri uko na kiu. Mimi siku yangu ya kwanza nilikunywa mpaka nikashindwa kupanda teksi.”

Huyo alikuwa Papa Kasongo, fundi mkuu wetu na shemasi wa kanisa la orofa ya kwanza. Alinipa jina siku hiyohiyo, Mamzele Kwa-nini, yaani Binti Kwa-nini, kwa sababu kabla ya chakula cha mchana nilikwisha kumuuliza kwa nini uzi unapakwa nta, kwa nini koni za uzi zinawekwa sakafuni na si juu, na kwa nini shemasi anaongea na mashine.

Aliongea nazo kweli. Mashine zetu ni za mkono. Unasukuma kigari cha mashine kulia na kushoto juu ya safu ya sindano, na kila sindano ina kaulimi kadogo kanakofunga na kufungua kitanzi cha uzi. Kaulimi kamoja kakipinda, kitanzi kinadondoka, na sweta zima linaanza kufumuka kwa utulivu, bila kumwambia mtu. Mimi nilikuwa nikigundua likifika kiunoni. Papa Kasongo aligundua kwa masikio.

“Unasikia?” angesema. “Amekohoa.”

“Nani?”

“Sindano.”

Nilikataa kuamini. Nikamfungia kitambaa machoni nikapindisha kaulimi makusudi, na akaonyesha sindano ya jirani. “Karibu,” akasema akivua kitambaa. “Yesu naye alimgusa kipofu mara mbili.” Tangu hapo tulielewana. Alinifundisha kufuma ingawa haikuwa kazi yangu, na ninaweza kutengeneza mkono wa sweta la shule ambao mwalimu asiye mkali atauruhusu kuingia darasani.

Kazi yangu hasa ilikuwa kuuza. Siku za wiki sweta za shule, na wikendi kibanda chetu Fordsburg, kwenye soko la bidhaa za kila aina, kati ya muuza manukato na muuza mazulia. Amala alizaliwa katika makazi ya wakimbizi kusini mwa India, na utotoni kila baridi ilipofika mama yake alimchukua kwenda miji ya kaskazini kuuza sweta kando ya barabara. Watibeti wengi waliishi hivyo. Nilimuuliza ilikuwaje watu waliofukuzwa milimani wakaishia kuuza sweta kwenye nchi ya joto.

“Watu walituona, wakasema hawa wametoka kwenye baridi, bila shaka wanaijua,” akajibu. “Sisi tulikuwa tunajua yaki, ng’ombe ya manyoya mingi, na kondoo. Sweta tulijifunzia palepale.”

Alikuwa na kipaji cha kumwona mtu aliyehisi baridi akiwa bado hajajijua. Januari moja, jua la Fordsburg likiyeyusha lami, alipita Mkenya mmoja wa Randburg, mama nadhifu mwenye miwani ya jua. Nilikuwa nimekata tamaa naye.

“Dada, unafanya kazi gani?” Amala akamuuliza.

Yule mama akashangaa kusikia Kiswahili kinatoka mahali pale. “Niko benki.”

“Benki inakuwanga na baridi.”

“Hiyo AC yao ni kama Limuru, mama. Nikiwaambia wazime wananiangalia tu.”

Aliondoka na sweta mbili, na wiki iliyofuata akaleta wenzake. Mimi nilikuwa nimesoma miaka mitatu kuhusu tabia za watu mijini na hakuna aliyewahi kunitajia AC.

Kulikuwa na mtu mwingine katika karakana, Pola, yaani babu, baba yake Amala. Alivuka milima kwa miguu akiwa kijana, akajenga barabara India, akalima mahindi katika makazi, na sasa alikuwa Johannesburg akimenya vitunguu na kuiba katika mchezo wa dadu. Wana mchezo wao wa kupiga kikombe cha dadu juu ya ngozi kwa kelele, kama vile kelele ndiyo inayoamua namba. Kila mchana alicheza na Papa Kasongo. Hawakuwa na lugha moja. Kiswahili cha Pola kilikuwa maneno matatu, “chai”, “haya” na “uongo”, na hilo la mwisho ndilo alilolitumia zaidi.

“Uongo!” angesema, akirudisha nyuma sarafu ya Papa Kasongo.

“Shemasi hasemangi uongo, Babu. Hesabu tena.”

“Uongo.”

Siku moja nilimuuliza Amala swali lililokuwa likinikera. Alikuwa amesema amepakumbuka nyumbani, na mimi nilijua hajawahi kukanyaga Tibeti. Mtu anakumbukaje asichokiona? Si ni hadithi za wazazi tu?

Aliendelea kukunja sweta. “Baba wa baba yako ulimuona?”

“Hapana. Alikufa kabla sijazaliwa.”

“Lakini pua yake unatembea nayo.”

“Amala, hilo si jibu. Hiyo ni jenetiki.”

“Basi na mimi niko na jenetiki,” akasema, na Maman Odette akacheka mpaka akachana mshono.

Sasa nafika kwenye kazi isiyotajwa popote, ile ambayo Grâce ataifanya.

Mwaka mpya wa Watibeti huitwa Losar, na huangukia Februari au karibu yake. Mwanzoni Amala na Pola waliufanya wenyewe, wawili, katika flati yao. Mwaka 2018 Pola alikataa. Alimwambia binti yake kwamba supu ya watu wawili ni dawa, si sikukuu. Hivyo jioni moja, siku mbili kabla ya mwaka wao kuanza, tulifunga mashine mapema, tukasogeza koni za uzi, na karakana nzima ikakaa chini kula guthuk. Ni supu yenye madonge ya unga, na ndani ya madonge makubwa huwa mmefichwa kitu cha kumsema mlaji. Maman Odette alipata sufu, maana yake ana moyo mwororo, akatutazama kama mtu aliyechelewa kutambuliwa. Mimi nilipata pilipili, ya wasemaji, na hakuna aliyejifanya kushangaa. Papa Kasongo alipata kipande cha mkaa.

“Moyo mweusi,” Amala akatafsiri kwa aibu.

“Mimi? Shemasi?” Papa Kasongo akamgeukia Pola, aliyekuwa akitazama dari. “Wewe njo uliniwekea hii. Kwa sababu ya dadu.”

“Uongo,” akasema Pola kwa furaha.

Kisha Amala akaleta donge kubwa la unga. Shayiri ilikosekana, akatumia unga wa mahindi aliokaanga. Kila mtu hukata kipande, hukipitisha mahali panapomuuma, hukikamua kwenye ngumi mpaka kibaki na alama za vidole, na hutoa na uzi mmoja wa nguo yake. Maman Odette alisugua goti. Papa Kasongo alisugua mgongo, akisema ni mazoezi tu. Pola alisugua kifua chenye kikohozi. Mimi nilikataa kwa adabu, nikasema siumwi. Vipande vyote viliwekwa kwenye trei miguuni pa sanamu, mtu mdogo wa unga mwenye masikio makubwa, aliyevishwa nyuzi zetu za sweta za shule. Yeye huchukua mabaya ya mwaka. Jua likizama, Amala alimbeba na mshumaa hadi njia panda, wengine nyuma yake wakipiga kelele za kuyafukuza, akamweka chini, wakarudi. Masharti ni mawili. Usigeuke nyuma, na usimrudie kamwe, kwa sababu ukimrudia, yote aliyoyachukua yanakurudia.

Utaratibu mzuri sana milimani. Njia panda ya karibu nasi ni ile ya chini, kwenye robot, kama taa za barabarani zinavyoitwa hapa, mahali teksi zinapopakia.

Asubuhi iliyofuata Baba Mthembu, msimamizi wa jengo, alipanda ngazi zote bila kupumzika, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata bomba lilipopasuka. Huwa tunaongea naye Kizulu. Hapa naandika maana yake.

“Sisi,” akaniambia, neno ambalo kwao ni “dada”, “nani kaweka mtu wa unga kwenye robot?”

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi.

“Eish. Mimi nakuelewa. Lakini abiria hawasimami pale. Madereva hawapakii. Wanasema ni uchawi, na amevaa uzi wa kijani wa sweta zenu. Wameshampigia mwenye nyumba. Mnajua anavyotamani kugeuza orofa hii kuwa vyumba vya wanafunzi. Amesema kitu kile kikiwa bado kipo saa sita, ninyi mnatoka mwisho wa mwezi.”

Mashine zilinyamaza moja baada ya nyingine. Amala aliketi juu ya koni ya uzi. Alikuwa amehamishwa kabla hajazaliwa, na mara kadhaa baadaye, na nadhani hakuna neno alilolijua vizuri katika lugha zake zote kuliko hilo la kutoka.

“Basi tukamwondoe,” nikasema. “Ni unga.”

Hapo ndipo tulipogundua kwamba hakuna wa kumwondoa. Amala na Pola hawakuweza, masharti ni masharti. Papa Kasongo alisema shemasi akionekana kona ile amebeba sanamu, Jumapili atahubiriwa yeye. Maman Odette alikuwa wazi zaidi.

“Goti yangu iko mule. Nimeiagaga vizuri. Siendi kuikamata tena.”

Wafumaji wengine wote walikuwa wametoa vipande. Nikamgeukia Baba Mthembu.

“Hawu, mimi nina watoto.”

Nikawahutubia. Niliwaambia unga hauna kumbukumbu. Niliwaambia hofu ya kitu ndiyo inayokipa kitu nguvu, na kwamba karakana nzima inakaribia kufungwa kwa sababu ya ugali uliochongwa masikio. Nilikuwa naelekea sehemu nzuri nilipoona Papa Kasongo ananitazama kwa upendo mkubwa.

“Bon,” akasema. “Mamzele Kwa-nini, wewe hauaminiangi kitu. Na kipande haukutoa. Nenda.”

Nikashuka.

Kwenye robot palikuwa na nafasi tupu ambayo sijawahi kuiona katikati ya mji asubuhi. Watu walikuwa wamesimama pembeni, na msimamizi wa foleni ya teksi, jamaa mpana mwenye filimbi, alikuwa katikati yao. Sanamu alikaa palepale kwenye trei yake, panya wamemla sikio moja. Robot ikawaka kijani, nikavuka. Nikainama.

Nilijua kabisa kilichokuwa mbele yangu. Nilijua duka unga ulikonunuliwa. Na mkono wangu ukakataa kufunguka. Nilibaki nimeinama pale, teksi zikiacha kupiga honi moja baada ya nyingine, nikifikiria goti la Maman Odette, na kikohozi cha Pola, na yale ambayo Amala aliyapitishia kipande chake bila kuyataja. Nikatazama juu kwenye madirisha ya orofa ya nne, nikitaka angalau mtu mmoja anipungie mkono. Niliona migongo. Wote walikuwa wamegeukia ukutani, kwa kufuata masharti, wasije wakamwona tena. Kuna namna ya kuachwa peke yako ambayo inachekesha sana, na ilipoanza kunichekesha vidole vikalegea. Nikainua trei.

“Unampeleka wapi?” akauliza yule wa filimbi, akiwa mbali.

Sikuwa nimefikiria. Mbele ya kanisa la zamani la mawe, ng’ambo ya barabara, njiwa walikuwa wakizungukazunguka. “Kwa njiwa,” nikasema.

Nilitoa nyuzi nikazitia mfukoni, nikamvunjavunja, kichwa, tumbo, vipande vya maumivu vyote, nikawarushia. Njiwa walimshambulia kwa bidii ya watu waliotoka mfungo. Watu wakasogea kidogo kidogo. Msimamizi wa teksi akaja akasimama kando yangu, na nikaelewa kwamba tunasubiri njiwa wafe.

Tulisubiri. Mama anayechoma mahindi alileta stuli yake.

“Yule anachechemea,” akasema wa filimbi, akinyoosha kidole.

“Alikuwa anachechemea tangu awali.”

“Una hakika?”

Sikuwa na hakika.

Hakuna njiwa aliyekufa. Walimaliza, wakatazama kama kuna zaidi, wakaruka, na yule mwenye mguu akaruka nao vizuri tu. Wa filimbi akawaza, kisha akapuliza, na teksi ya kwanza ikasogea kona. “Sharp,” akaniambia, yaani mambo yako sawa. Baba Mthembu akatoa simu akampigia mwenye nyumba, sauti yake ikiwa tulivu, kwamba hakuna tatizo lolote kwenye robot, lilikuwa jambo la njiwa.

Nilipofika orofa ya nne sikuruhusiwa kuingia. Amala alikuwa mlangoni na kopo la majani ya mreteni yanayotoa moshi, akanizungusha nao mpaka nikakohoa. Upande wa pili alisimama Maman Odette na chupa ya mafuta ya upako, akanipaka paji la uso akiniombea kwa sauti, na walipishana mikono juu ya kichwa changu bila kugombana, kama watu wanaokunja shuka moja. Nilisimama kwa muda wote waliouhitaji. Nilipomwambia Maman Odette habari ya njiwa anayechechemea, alishika ukuta kwa kicheko. “Njo goti yangu ile,” akasema. “Imepata mabawa.” Baridi ya mwaka huo goti lilimuuma kama kawaida, nalisema hili kwa ajili ya kumbukumbu.

Baada ya hapo tuliweka utaratibu. Sanamu anashushwa jioni, na alfajiri kabla ya teksi ya kwanza mtu asiye na kipande anamchukua na kumpeleka kwa njiwa. Baba Mthembu anafungua lango mapema. Aliyeteuliwa alikuwa mimi, cheo changu pekee nilichokipata katika karakana ile.

Februari 2019 tulikula guthuk tena, tukiwa wengi zaidi. Nusu ya kwaya ilipanda ngazi kusikia itapata nini ndani ya madonge. Pola alipata mkaa. Papa Kasongo alikuwa akitazama dari. Donge la unga lilipopita, lilinifikia mimi kama mwaka uliotangulia ili nilipitishe kwa jirani, na nilikuwa nimelishika mkononi, bado vuguvugu. Nilikuwa nimekwisha kupata kazi ya kufundisha Durban, na nilikuwa sijamwambia mtu. Nikakata kipande. Nikakipitisha hapa kifuani, juu kidogo upande wa kushoto, nikakikamua. Amala alinisogezea trei tu.

Kwa hiyo kesho yake sikufaa tena. Grâce alikuwa amejiunga nasi mwezi uliotangulia. Amezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia chote na kujibu kwa Kizulu, na anadhani sisi sote tuna wazimu wa upole. Jioni ile alikuwa amekataa unga, akisema haumwi.

Alfajiri alisimama mlangoni akifunga kamba za viatu. “Ni unga tu, si ndiyo?” akauliza kwa Kizulu chake.

“Ni unga tu,” nikamjibu. Nilikuwa nimeegemea meza kati ya Papa Kasongo na Maman Odette, uso wangu ukutani, nikisikiliza hatua zake zikishuka ngazi.